Damu ya Kisu

Mbeyu wa Milalani hakupata kumwomba mtu radhi tangu azaliwe, na watu wa Msambweni walishamzoea hivyo. Aliolewa mara mbili, akaachika mara mbili, na talaka ya pili alipoipokea alimpelekea yule mume sinia la biriani la kumshukuru. Ukimkuta yuko kimya, basi amelala au anavuta chuku, ile pembe ya kutolea damu.

Kuumika ndiko kulikokuwa kazi yake. Siku hizi watu wanaiita hijama, wanatumia vikombe vya plastiki vyenye pampu, lakini Mbeyu alibaki na pembe zake sita za ng'ombe alizoachiwa na nyanya yake. Mgonjwa hukaa kwenye kibao, mgongo wazi. Mbeyu humchanja vichanjo vidogo kwa wembe mpya, huibandika pembe juu yake, huvuta hewa kwa mdomo kupitia tundu la nchani, huliziba kwa nta, kisha husubiri damu ijae. Walimjia wenye maumivu ya kichwa, wenye viuno, na wanaume waliochoshwa na maisha wasiojua wanaumwa wapi.

Lakini sifa yake hasa ilikuwa damu ya kisu. Nyanya yake alimfundisha kwamba mwili ukikatwa, damu ya ndani hushtuka, ikaganda, ikafa humohumo. Isipotolewa siku ya arobaini itamlemea mtu mpaka kaburini. Kwa hiyo kila mwanamke aliyepasuliwa, kuanzia Gazi mpaka Bodo, awe amejifungua kwa kisu au ametolewa uvimbe, arobaini ikitimia huyo kwa Mbeyu. Tena alikuwa na kipimo chake. Damu ya kwanza ikitoka nzito na nyeusi, hiyo ni chafu. Siku itakapotoka nyepesi, ya kupenya mwanga, basi mwili umesafika na mtu aende zake. Miaka thelathini alipima hivyo, na hakuna aliyembishia.

Miaka miwili iliyopita kisu kikamfikia mwenyewe. Alikuwa na uvimbe kwenye kizazi uliokuwa ukimtoa damu kila mwezi kama aliyechinjwa, na binti yake Fauzia, anayefanya kazi katika hoteli moja huko Diani, akamburura mpaka hospitali moja ya Mombasa. Uvimbe ukatolewa. Lakini alivuja damu nyingi mezani, presha ikashuka, na figo zake mbili zikalala. Siku tano hakupata hata tone la mkojo. Uso ulimvimba hata Fauzia akamtambua kwa sauti ya matusi tu. Akawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, mara ya kwanza, mara ya pili. Siku ya sita mkojo ukatoka, na Mbeyu akapiga kigelegele kitandani hadi wauguzi wakaja mbio wakidhani kuna aliyekata roho.

Alipoachiliwa alipewa vidonge vya kuongeza damu na karatasi. Karatasi ilisema arudi kila miezi mitatu apimwe damu na mkojo, na asinunue dawa za maumivu dukani. Vidonge vilimfunga choo akavitupa. Karatasi akaiweka chini ya godoro.

"Mama, tarehe imefika," Fauzia alimpigia simu.

"Tarehe ya nini? Mkojo watoka. Wataka utoke nini tena, asali?"

Na arobaini ilipotimia, akafanya lile ambalo angemfanyia mwanamke yeyote. Alikuwa na mwanafunzi wake, Dama, mwanamke mtu mzima mwenye mkono mwepesi, aliyemfundisha kazi kwa miaka minane. Akakaa kwenye kibao, akampa Dama mgongo, akamwambia, "Itoe."

Damu ilitoka nyepesi tangu pembe ya kwanza. Dama akashangaa. Mbeyu akatazama akafurahi, akasema hospitali ya Mombasa imemsafisha vizuri.

Sasa hapa ndipo ningependa kumshika mabega nimtikise, lakini Mbeyu hatikisiki. Mwaka ule mzima alichoka. Hakuchoka uchovu wa kazi. Alichoka uchovu wa kuamka nao. Kutoka mlangoni mpaka kisimani alipumzika mara mbili. Mikono ilikuwa baridi jua la saa sita, na ulimi ulitamani udongo, vile vijiwe wanavyouza dukani kwa wajawazito. Alivitafuna kwa siri, mama wa miaka hamsini na mitatu, akivificha kwenye pindo la leso. Majirani walipomwambia apumzike alitwanga mahindi mbele yao kuwaonyesha. Kiuno kilipomuuma alinunua dawa za maumivu zilezile alizokatazwa. Na kila uchovu ulipozidi alisema ni masalia ya damu ya kisu, akamwita Dama amuumike tena. Mara saba. Kila mara damu ilitoka nyepesi kuliko ya mara iliyopita, na kila mara Mbeyu aliona anakaribia kupona.

Alianguka Jumatano mchana, akiwa kazini, pembe mdomoni. Alimwangukia mgongoni muuza nyama mmoja mnene, ambaye alipiga yowe akikimbia nje na pembe mbili zimemganda.

Fauzia alifika hospitali kubwa ya Msambweni akiwa bado na sare ya hoteli. Daktari aliyewapokea aliitwa Kalama, kijana wa Kaloleni, mpole, mwenye miwani. Alipindua kope za Mbeyu, ndani akazikuta nyeupe kama karatasi. Akachukua vipimo. Jioni akarudi, akavuta kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sema, usinizungushe."

"Kipimo chako cha damu ni sita. Mwanamke mzima hutakiwa awe na kumi na mbili. Na figo zako zimebaki na nguvu ya theluthi moja tu. Baada ya upasuaji ulikwenda kupimwa?"

"Nilikuwa mzima."

"Hivyo ndivyo zinavyodanganya," Kalama akasema. "Figo zikiumia kwenye upasuaji huweza kuamka, mkojo ukatoka, mtu akajiona amepona, kumbe zinaendelea kufa polepole. Na figo ndizo zinazouamuru uboho wa mifupa utengeneze damu. Zikinyamaza, damu haitengenezwi. Nayo damu ikipungua, figo zinakosa hewa, zinazidi kuumia. Ndiyo maana tunamtaka mtu arudi, hata kama hasikii kitu." Akasita. "Na hizi alama za mgongoni?"

"Chuku."

"Mara ngapi?"

"Saba."

Yule kijana hakupiga kelele. Angepiga kelele, Mbeyu angemjibu, na mambo yangeishia hapo. Alisema tu, taratibu, "Mama, ulikuwa ukichota kwenye mtungi ambao hakuna anayeujaza."

"Nyanya yangu alitoa damu ya kisu miaka hamsini!"

"Siku za nyanya yako," Kalama akauliza, "wangapi walikuwa wakipasuliwa hospitali?"

Mbeyu akaanza kuwahesabu kwa vidole, na hakuna kidole kilichokunjika. Maana nyanya aliwaumika watu waliojikata na panga shambani, watu wenye damu tele na vifua kama milango. Hakupata kumuumika hata mmoja aliyetoka kwenye meza ya upasuaji ameachwa na nusu ya damu yake. Hilo Mbeyu aliliongeza mwenyewe, na wale waliokuja kwake walimwamini.

Alitiwa chupa mbili za damu, akatundikiwa dawa ya madini ya chuma, akapangiwa sindano ya kila wiki ya kuuamsha uboho. Fauzia akataka amchukue Ukunda, kwenye nyumba yake ya kupanga, akae atazame televisheni.

"Mimi si mto wa kochi," Mbeyu akasema. "Nirudishe kwangu."

Akarudi kwake. Kila Jumanne alikwenda kuchomwa sindano, na alikwenda kwa hasira, akiwahi foleni, akigombana na kila aliyetaka kupenya. Chumvi akaacha. Dawa za maumivu akazitupa chooni. Wiki ya sita mikono ikapata joto. Akajitazama kwenye kioo akakuta midomo ina rangi, na hamu ya udongo imekwisha bila kuagana. Mbeyu hakuwa mtu wa kuamini maneno ya daktari wala ya mtume wa daktari. Aliamini mwili, maana alikuwa akiusoma mwili kwa miaka thelathini. Sasa mwili wake ulikuwa ukimwambia waziwazi. Damu ile nyepesi haikuwa safi. Ilikuwa imekwisha.

Akaelewa vilevile lililobaki. Kama ilikuwa hivyo kwake, ilikuwaje kwa wale wanawake wote?

Hapo akaogopa. Tuseme ukweli, kifo hakikumtisha sana, lakini jina lake lilimtisha. Shamba hakuwa nalo, mume hakuwa naye. Alikuwa na jina la Mbeyu, fundi asiyekosea. Akitamka kwamba alikosea, atabaki na nini? Wiki tatu alinyamaza. Wateja wa vichwa na viuno aliwaambia anapumzika.

Kisha akaja Twaiba. Alikuwa binti wa miaka ishirini na mmoja, amejifungua kwa kisu, arobaini yake imetimia juzi, mtoto amemfunga kifuani. Alipopanda ngazi mbili za baraza alishika nguzo akahema.

"Mama amenituma, Bi Mbeyu. Damu ya kisu."

"Ulivuja sana?"

"Nilitiwa chupa tatu. Wakasema na mkojo ulikataa siku moja. Lakini nimepona, alhamdulillahi. Nachoka tu."

Mbeyu alimtazama midomo. Alijua kila kitu palepale. Na ulimi wake, ule ulimi ulioachisha wanaume wawili, ukasema neno la woga kuliko yote aliyopata kusema. "Leo sifanyi kazi. Nenda nyumbani."

Basi Twaiba akashukuru, akaondoka. Mbeyu akaketi akajiambia amemwokoa. Alikuwa ameshamenya mihogo miwili ndipo ilipomjia: mtoto wa watu hakuambiwa kwa nini. Ametumwa na mama yake kutolewa damu, na damu ataitoa. Kama si kwa Mbeyu, ni kwa Dama.

Akaacha mihogo kwenye maji, akashika njia. Nyumba ya Dama haiko mbali. Zamani angefika kabla hajamaliza kuwaza. Siku hiyo alisimama mara tatu, mara ya tatu ameushika ukuta wa watu, moyo ukimpiga masikioni. "Pigapiga," aliuambia moyo wake, "lakini twende."

Alimkuta Twaiba kwenye kibao, mgongo wazi, mtoto amelazwa mkekani. Dama alikuwa ameshafungua wembe.

"Weka chini!"

Dama akageuka. "Shikamoo, somo. Karibu, kuna nini?"

"Weka wembe chini, nakwambia. Huyu hatolewi damu."

"Arobaini yake imetimia. Wewe ndiwe uliyenifundisha."

"Nami ndimi ninayekukataza!"

Dama hakuweka wembe. Alikuwa mwanafunzi wa Mbeyu miaka minane, na ubishi nao alifunzwa. "Wanikataza kwa lipi? Ulipoumwa uliniita mimi. Mara saba umenipa mgongo huo. Leo umetiwa damu za hospitali ndiyo waona sisi washenzi? Niambie sababu, mbele ya huyu binti, nami nitaacha."

Ni jambo dogo, kulisema. Neno moja. Lakini mtu aliyeishi nusu karne bila kulitamka hukuta limekwama kooni kama mwiba wa samaki changu. Mbeyu alimtazama Dama, akamtazama yule binti aliyejifunika leso kwa aibu asijue anagombaniwa nini. Akawaka hasira, na kwa mara ya kwanza hasira hiyo ilimgeukia mwenyewe.

"Nilikosea," akasema. Kisha akalirudia kwa sauti, kwa kuwa mambo ya nusunusu hakuyajua. "Nilikosea! Hakuna damu ya kisu. Aliyepasuliwa akavuja amebaki na kidogo, na hicho kidogo mimi nilikuwa nakitoa, nikakiona chepesi nikasema ni safi. Twaiba, mwanangu, wewe mkojo ulikukataa. Figo zako zilishtuka. Nenda ukapimwe damu na mkojo, leo, na urudi wakikwambia urudi, hata ukijiona mzima. Nitakwenda nawe."

Dama akauweka wembe ule chini polepole. Alikuwa amebadilika uso. Lakini alikuwa Dama, na swali halikumpita.

"Na wale wengine, somo? Wale wote?"

Mbeyu akaketi mkekani, kando ya mtoto. "Sijui," akasema. "Nitakwenda niwaulize."

Na akaenda. Hakujua kuandika, lakini aliwakumbuka kwa migongo yao: huyu mwenye kovu la moto, yule mwenye mba begani, yule aliyelia kabla hajaguswa. Alizunguka kwa bodaboda, na pasipofika bodaboda kwa miguu, akisimama kila mwili ulipotaka, akiusemesha. Dama alikwenda naye siku mbili kwa wiki. Nyumba ya kwanza walimcheka. Nyumba ya tatu mama mmoja alimtukana matusi ya nguoni, akamwuliza kama sasa analipwa na serikali, Mbeyu akayasikiliza yote, kisha akasema, "Umemaliza? Haya, kapimwe." Yule mama alikwenda, kwa ubishi tu, ili amsute. Akakutwa na damu saba, na presha juu.

Habari zikamfikia Fauzia hotelini. Akapiga simu akilia. "Mama, watu wanakusema mpaka Diani! Unajiharibia jina kwa mikono yako!"

"Jina ni langu," Mbeyu akasema. "Nalivunja nitakavyo. Wewe pika chai ya Wazungu."

Twaiba alikutwa damu yake ni nane, na figo zake bado zinajikongoja kupona. Akaandikiwa dawa, akapangiwa kliniki. Kwa wiki ile moja Mbeyu alitembea ameinua shingo. Alianza hata kudhani kwamba pengine aliwahi, kwamba wote angewakuta vibarazani wamekaa, wa kutukana na wa kucheka.

Ndipo alipofika Bodo, kwa Shutu. Shutu hupeleka watalii kisiwani Funzi kwa boti ya injini, na Mbeyu alimkuta ameketi nje ya nyumba yake, injini imefunguliwa vipande vipande juu ya gunia. Mkewe, Nimwaka, alitolewa uvimbe miaka mitatu nyuma. Mgongo wake Mbeyu aliukumbuka vizuri: mweusi, mwororo, hauna hata kovu.

"Salaam aleikum, Shutu. Nimekuja kumwona Nimwaka."

Shutu akafuta mikono kwa kitambaa. "Aleikum salaam. Hukusikia, Bi Mbeyu? Nimwaka hatunaye. Mvua za mwaka jana."

Mbeyu akakaa kwenye ukingo wa baraza bila kukaribishwa. "Inna lillahi. Aliumwa nini?"

"Hakuumwa. Alichoka tu. Alichoka, akachoka. Asubuhi moja nikamwamsha, hakuamka."

Kuku mmoja alipita katikati yao akidonoa. Mbeyu angeweza kusema pole akaondoka. Hakuna aliyejua, hakuna aliyemwuliza, na yule mwanamume alimtazama kwa heshima ileile ya zamani, ile ambayo Mbeyu aliipenda kuliko chakula.

"Nilimtoa damu mara nne," akasema. "Baada ya kupasuliwa. Alikuwa hana damu ya kutolewa, nami sikujua, na sikutaka mtu anijulishe. Sijui kama ni mimi niliyemuua. Huenda ni figo, huenda ni moyo. Lakini mara nne nilimtoa, naye akinishukuru."

Shutu alikiokota kipande kimoja cha injini, akakigeuza, akakirudisha palepale. Machozi yalikuwa yamemjaa machoni, lakini alikuwa mtu wa adabu, na adabu ikamtuma amfariji mgeni wake.

"Ni kudura ya Mungu, Bi Mbeyu."

"La. Usinipe hiyo." Mbeyu alitikisa kichwa. "Kudura ni ya Mungu na simsingizii. Mkono ulikuwa wangu. Ukitaka kunifukuza, nifukuze. Ukitaka kunilaani, nilaani, nitakaa nisikilize mpaka umalize. Lakini usinisamehe kwa haraka, maana nina kazi bado."

Shutu akakitupa kitambaa juu ya gunia.

"Kazi gani?"

"Kuna mmoja huko kijiji cha Shirazi, mwalimu wa madrasa. Alipasuliwa mwaka juzi. Sijamfikia."

"Ulimtoa damu na yeye?"

"Mara mbili."

Shutu akasimama, akamwonyesha njia kwa mkono wenye mafuta ya injini. Sauti yake haikuwa na msamaha ndani yake, wala laana.

"Basi usikae hapa kwangu," akasema. "Nenda, kabla na yeye hajachoka."